Samaki wa Mtaa Mzima

Mji wa Kale wa Mombasa una wavuvi wachache na wataalamu wa uvuvi wengi. Mvuvi utamjua kwa vidole, vilivyochanwa na mshipi tangu utotoni. Mtaalamu utamjua kwa mikono yake, aliyoifumbata mgongoni. Mvuvi akikaa ufuoni jioni nzima huenda asiseme zaidi ya neno moja. Mtaalamu huanza na "Hapo hupati kitu," kisha huketi mpaka usiku ili ahakikishe kwamba hupati kitu.

Mimi sikuwa katika kundi lolote mpaka daktari aliponipima presha, akaitazama mashine, akanipima tena mkono wa pili, kisha akaniambia nitafute jambo la kunituliza moyo. Mke wangu alipendekeza kutembea. Kutembea kunataka miguu miwili na nia moja, na nia sikuwa nayo. Nikachagua uvuvi. Tangu mwaka 1653, Mwingereza Izaak Walton alipochapisha kitabu chake juu ya uvuvi wa mtoni, wenzake wameshikilia kwamba hakuna dawa ya moyo ipitayo kukaa kimya kando ya maji na fimbo ya kuvulia mkononi. Huko kwao wapo watu wanaokaa ukingoni jioni nzima wakivua samaki wasiyekusudia kumla. Humtoa, humtazama, humpima uzito, humrudisha majini. Fanya hivyo hapa kwetu Kibokoni uone kama hutaletewa mtu wa kukusomea.

Mto kisiwani hatuna, ila tuna maji yanayojifanya mto. Upande wa Kilindini ndiko zinakoingia meli kubwa. Upande wa pili, mbele ya Mji wa Kale na Bandari ya Kale, kuna kriki ya Tudor, mkono wa bahari unaopita chini ya Daraja la Nyali ukaenda kupotelea kwenye mikoko. Ukiitazama jioni kutoka chini ya Ngome ya Yesu utaapa kwamba ni mto: ina kingo mbili, ina mkondo, ina mitumbwi. Lakini mto una msimamo. Maji haya yetu huenda bara kwa muda wa saa sita, yakaghairi, yakarudi baharini kwa saa sita nyingine, na siku za bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mgonjwa wa presha angefaa kutafutiwa maji yanayojua yanakokwenda.

Wazee wetu huvua kwa mshipi uliozungushiwa chupa ya plastiki, chubwi moja, ndoana na kipande cha ngisi, basi. Mimi nina binamu Maskati, na binamu wa Maskati hana dogo. Nilipomtajia uvuvi kwenye simu, alimpa mgeni aniletee fimbo ya kuvulia ya mita nne, yenye gurudumu la kukunjia mshipi na vipete vya kung'aa. Ilikuwa ya kuchomoza, vipande ndani ya vipande, ili mwenyewe aweze kuibeba kwapani. Nikaichomoza sebuleni niwaonyeshe watoto. Ilikataa kurudi. Tuliivuta, tukaisokota, tukaipaka mafuta ya nazi, na mwisho tukaitolea nje kupitia dirishani.

Vichochoro vya Mji wa Kale havikujengwa kwa kufikiria fimbo ya mita nne. Kwenye kona ya kwanza haikupinda, na mimi sikuweza kuipindua, kwa hiyo niliisimamisha wima nikawa naendelea nayo hivyo. Huko juu kuna roshani za mbao, nyaya za umeme na kamba za nguo. Binamu alikuwa ameniusia niifunge ndoana kabisa nyumbani, nisihangaike nayo gizani, na ndoana ikapata kazi mapema. Nilihisi uzito, nikafikiria nyaya, nikapiga shahada. Ikashuka leso. Leso nyekundu, haijakauka bado, imeandikwa: KULA KWANGU WAKUJUA, KUPIKA KWAKO LINI.

"Ewe! We mwana wa nani wewe?" sauti ikatoka roshani.

Swali hilo Mji wa Kale halina jibu fupi. Nikajitaja, nikamtaja baba, nikapanda mpaka kwa nyanya mzaa mama, na hapo bibi akaridhika. Akasema nyanyangu alimjua vizuri, na kwamba hakuwa mtu wa kuangua leso za watu. Nikamweleza kwamba naenda kuvua. Akaitazama fimbo kutoka juu mpaka chini, safari iliyomchukua muda.

"Basi mpe mtoto anipandishie leso yangu. Na ukirudi niletee changu wawili. Wasiwe wadogo."

Nikawa na deni la samaki kabla sijaiona bahari. Na fimbo ile haikuwa kitu cha kuficha. Kila aliyeiona alijua niendako, na kila aliyejua aliagiza. Mzee muuza kahawa alisema, "Mimi meno sina, mwanangu, nitafutie samaki asiye na miba." Fundi cherehani alitaka kolekole wa kupaka. Mwalimu wa madrasa, kwa haya, alisema atapokea chochote Mwenyezi Mungu atakachojaalia, kisha akaniita tena kuongeza kwamba Mwenyezi Mungu akijaalia tewa, si vibaya. Nilipotokeza Ndia Kuu nilikuwa nadaiwa samaki wa kulishia harusi.

Ilikuwa siku ya bamvua, na bamvua la Mombasa hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja hivi za jioni. Nilipofika kwenye mawe chini ya Ngome maji yalikuwa yamejaa tele. Nilimkuta mzee mmoja ameketi na chupa yake. Nikamtolea salamu, akaitikia, akarudi kwenye mshipi wake. Hakuniuliza lolote. Nikajua huyu ni mvuvi. Nilipogeuka nyuma, niliwakuta wengine wamekwisha kujipanga ukutani, mikono mgongoni.

"Chubwi yako nzito," alisema wa kwanza.

"Nyepesi," alisema wa pili.

"Tupa mbali."

"Mbali kuna nini? Samaki wapo hapa hapa miguuni pake, awakanyaga."

Kijana mmoja alitangaza kwamba kusi ikivuma hivi samaki hawali. Mwenzake akamwambia kusi ilikwisha ondoka, huu ni upepo wa matlai. Wakaanza kugombania upepo, na kwa muda wa kumeza mate mara mbili nikapata ule utulivu alioagiza daktari.

Nikatupa. Chubwi iliruka vizuri, ikazama, mshipi ukakaza. Nikavuta, haukuja. Nikavuta zaidi, ukakataa kabisa.

"Umenasa," alisema wa kwanza.

"Umenasa meli ya Mreno," alisema wa pili, na kikao kikafunguliwa.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mbele ya Ngome, chini ya maji yale yale, imelala Santo António de Taná, merikebu ya kivita iliyoletwa kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa na Waomani ndani ya Ngome kuanzia mwaka 1696 hadi 1698. Ilizama hapo mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walioongozwa na Robin Piercy waliichunguza na kutoa vitu vingi, vingine vikawekwa katika makumbusho ya humo humo Ngomeni. Kiunzi chake kiliachwa kule chini. Mtaalamu wangu alishikilia kwamba ndoana imeshika ubavu wa merikebu, na akanionyesha kwa kidole ni ubavu upi. Mwingine akasema basi nisivute, hii ni mali ya serikali, waitwe kwanza watu wa makumbusho. Wa tatu, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akauliza kama kuna mgao.

Meli ya Mreno ikasogea.

Ukuta mzima ukanyamaza. Merikebu iliyozama zaidi ya miaka 300 iliyopita haisogei yenyewe.

"Tewa!" akapiga kelele mmoja.

"Taa huyo! Mlegezee, mlegezee!"

"Asimlegezee! Akilegeza amekwenda!"

Nikivuta, naye avuta. Nikilegeza, achukua. Watu wakaongezeka. Muuza kachiri akasogeza biashara yake karibu, na watoto waliokuwa wakijirusha majini wakatoka kuja kutazama, wakinichuruzikia maji ya chumvi shingoni. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa namna ambayo daktari asingeipenda. Kila nilipopata kipande cha mshipi, watu wangu walishangilia. Na kila nilipopoteza kipande, nilisikia kelele za furaha kutoka upande wa pili wa mwamba. Nilidhani ni mwangwi wa Ngome.

Mtoto mmoja akakimbia kuzunguka mwamba. Alirudi ameshika mbavu, hawezi kusema. Ilibidi apigwe mgongoni ndipo maneno yakatoka. Huko nyuma kulikuwa na bwana mwingine, mwenye mshipi wake na wataalamu wake, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akipigana na mimi. Watu wake walikuwa wamemhakikishia kwamba amemshika papa. Mikondo ilikuwa imezipeleka ndoana zetu zikakutana katikati ya kriki, zikakumbatiana.

Tulikutana juu ya mwamba, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, tukakata mshipi. Wataalamu wake na wangu walibaki wakibishana ni nani kati yetu alikuwa anashinda.

Adhana ya Maghrib ilianza, msikiti mmoja ukipokea kwa mwingine, Mandhry ukiwamo, ambao wenyewe husema unaadhini tangu 1570. Ukuta ukawa mtupu. Nami nilikuwa nimefunga ndoana nyingine na kuitupa hapo karibu; nikabana fimbo katikati ya mawe, nikafuata wenzangu. Ngisi wangu nilikuwa nimemfunga katika gazeti, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na paka wa Mji wa Kale wanajua kufungua gazeti. Mzee wa chupa alikwenda kuswali na chambo chake mfukoni. Nilimwona akikitia, nikamshangaa. Niliporudi sikumshangaa tena. Paka walikuwa wamemmaliza ngisi, wakala na ukurasa wa michezo.

Maji nayo yalikuwa yameondoka. Pale nilipotupa ndoana palikuwa pakavu, na ndoana yenyewe imelala juu ya jiwe, kaa akiikagua. Ikabidi nishuke mawe ya chini, yenye utelezi wa mwani, kwa champali. Nilifika haraka kuliko nilivyokusudia, nikakaa ndani ya kidimbwi. Kutoka ukutani nilipewa pole, kisha nikaelezwa namna bora ya kuanguka.

Sasa chambo sina. Mtoto mmoja, mwenye huruma kuliko wakubwa wake, akanipa nusu ya kiazi karai alichokuwa akila.

"Samaki hali kiazi," alisema mtaalamu wa kwanza.

"Na hasa chenye pilipili," alisema wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu alasiri.

Lakini Waingereza wale wa mtoni huvua kwa mkate, kwa mahindi, hata kwa funza, na samaki wao huja. Nikakitunga kiazi kwenye ndoana, nikakitupa. Hakikupata hata nafasi ya kufika chini. Fimbo ikainama, gurudumu likalia, na safari hii upande wa pili wa mwamba kulikuwa kimya. Nikapiga bismillahi, nikazungusha. Kitu kikaja, kizito, kinapinga, kiko hai, ni changu mimi. Nikakinyanyua juu ya mawe mbele ya mtaa mzima, na watoto wakamulika kwa simu zao.

Alikuwa bunju.

Alinitazama kwa mato ya mviringo, na mashavu yamejaa kiazi. Kisha akaanza kufura. Akafura tumbo, akafura shingo, akaendelea kufura mpaka mapezi yakabaki madogo pembeni yasiyo na kazi. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, bila kuambizana. Bunju haliwi. Sumu yake hukaa katika ini, mayai na hata ngozi, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wajapani humla, lakini kwao mpishi hamgusi mpaka apewe leseni. Katika Mji wa Kale leseni tulizonazo ni za tuktuk. Paka walikuja, wale wale waliokula ngisi na gazeti. Wakamnusa, wakanitazama mimi, wakaondoka zao.

"Ami, mnyanyue vizuri," alisema kijana mmoja aliyeshika simu. "Karibu na uso. Tabasamu."

Nilitabasamu. Ni desturi ya mtu akielekezewa simu. Picha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla tabasamu halijanitoka. Na bunju, ambaye meno yake huvunja magamba ya kaa, alikuwa wakati huo akiushughulikia mshipi wa Maskati. Ukakatika. Akaanguka juu ya mwamba, akadunda, akabingirika kwa utaratibu mpaka majini, akapunguza upepo, akaenda zake na ndoana yangu na kiazi cha mtoto.

Mzee wa chupa akainuka, akakunja mshipi wake.

"Afadhali," alisema. Ndilo neno lake la jioni ile.

Akaokota kikapu chake na kunipita, na ndani ya kikapu nikaona tafi wanne wazuri wanene. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu tangu alasiri, akivua, na ukuta mzima haukumwona. Anayepata samaki hahitaji ushauri, basi nani amtazame?

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kwa sababu ilikuwa na wadai. Nilijipangia maneno ya kueleza. Sikuyahitaji. Fundi cherehani hakunyanyua hata uso kutoka kwenye mashine. "Nasikia ulivua mtu," alisema. Muuza kahawa alinimiminia kikombe, akanipa na kipande cha halua, jambo ambalo kwake hufanyiwa waliofiwa. "Mwanangu, mimi nilikwambia samaki asiye na miba," alisema. "Sikusema samaki aliye miba mitupu." Mwalimu wa madrasa aliniona tangu mbali, akasema alhamdulillahi kwa kila hali, akaingia ndani upesi nisije nikamletea sehemu yake.

Chini ya roshani ya bibi, kikapu kilikuwa kimekwisha kuteremshwa kwa kamba. Kinaning'inia pale usawa wa kifua changu, kinanisubiri.

"Maji yalitoka, bibi," nilimwambia.

"Maji hutoka, mwanangu," akajibu kutoka gizani. "Soko halitoki."

Nyumbani maharagwe ya nazi yalikuwa mezani. Mke wangu alikuwa ameyapika tangu niliposhindwa kuikunja fimbo. Alikuwa ameishika simu, akiikuza picha kwa vidole viwili, na watoto wamejibana nyuma yake.

"Hebu nionyeshe," alisema. "Naona mmefura wote wawili. Mwenye presha ni yupi?"

Asubuhi nilikwenda sokoni kulipa madeni. Muuza samaki alinitazama, akatoa simu, akaitazama, akanitazama tena, kisha akataja bei. Mtu aliyekwisha onekana na bunju mkononi hana uso wa kupatana. Nikanunua changu wawili wasio wadogo, kolekole, kipande cha nguru kwa asiye na meno, na tewa kwa yule ambaye angepokea chochote. Kitulizo hicho cha moyo kilinigharimu kuliko dawa za mwezi. Bibi alivuta kikapu, akawakagua changu kwa taa ya simu ijapokuwa ilikuwa mchana, akasema wamekaa barafuni.

Nilidhani yamekwisha. Ijumaa baada ya swala nikakaa barazani Bondeni, mahali ambapo sijulikani sana, na hapo mzee mmoja alikuwa anasimulia. Alisema juma lile, chini ya Ngome, bunju mkubwa kama gunia la mahindi alimshika mtu mmoja wa Kibokoni, akamburuta majini, akapita naye Bandari ya Kale, na wavuvi wakaja kumwokoa karibu na Daraja la Nyali akiwa amejifunga leso. Wasikilizaji walibaki vinywa wazi. Mmoja alisema aliiona hiyo leso. Mzee akasema habari hii ameipata kwa mtu aliyekuwepo.

Huko kwingine duniani mvuvi ndiye mwenye haki ya kumrefusha samaki wake. Kila akisimulia, mikono yake hupanuka kidogo, na watu humwachia kwa kuwa ndiyo faida pekee aliyopata. Mimi nilikuwa nimenyang'anywa hata hiyo. Bunju wangu alikuwa akinenepeshwa na watu wa Bondeni ambao hawakutoa hata kiazi.

"Wewe si watoka Kibokoni?" mzee akanigeukia. "Hukusikia?"

"Nilikuwepo," nikamwambia, nikivuta kigoda karibu. "Na gunia unalolisema ni lipi, mzee wangu? La kilo 50 au la kilo 90? Maana yule wa kilo 50 alikuwa mtoto wake."